Siku Kobe Alipocheka

Jina la Kobe alipewa na baba yake mbele ya wateja, wakati huo hata shule hajaanza. Baba alikuwa na bucha lililotazama barabara, na nyuma ya bucha ndiko walikoishi. Binti huyo alitumwa huku na huko: lete kisu, lete magazeti ya kufungia nyama, lete beseni la figo. Hakuwa mzito wa akili. Alikuwa tu mtu wa kuangalia anapokanyaga. Asubuhi moja foleni ilikuwa imefika hadi nje, baba akapaza sauti: "We Kobe, lete hizo figo kabla ng'ombe hajafufuka!" Watu wakaangua kicheko, na jina likamganda kama kupe. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unalijua.

Watu walimpenda yule mzee. Wengine walikuwa wakipita mabucha mawili njiani ili wafike kwake, si kwa nyama, kwa ulimi. Angemkatia mama paja la mbuzi huku anamwambia mume wake amekonda kuliko huyo mbuzi, na mama angecheka mpaka ashike kaunta. Lakini mzaha ule haukufungwa pamoja na mlango wa bucha. Uliingia naye ndani, ukakaa mezani, na kila siku ulitaka mtu wa kumla. Mkewe alicheka. Watoto wa kiume wawili walicheka. Mle ndani, asiyecheka ndiye aliyefuata, na kwa vile Kobe hakuwa mwepesi wa kucheka, mara nyingi aliyefuata alikuwa yeye.

Miaka ikaenda. Mama alifariki. Kaka mmoja akawa dereva wa malori, mwingine akaoa mbali, na wote wawili wakawa watu wa kupiga simu. Duka kubwa lenye majokofu lilipofunguliwa mtaa wa pili, baba alishusha mlango wa bucha na hakuupandisha tena. Kulabu zilibaki darini; Kobe alizitundikia vitunguu na nguo mbichi siku za mvua. Gogo la kukatia nyama waliliingiza jikoni likawa meza. Mwanamke akafika miaka arobaini na ushee akiwa bado anakula chakula chake juu ya gogo lile, baba upande wa pili akimwangalia anavyotafuna. "Meza basi," baba angesema. "Hicho kitu kimekufa tayari, hakikimbii."

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi. Duka lilikuwa chumba kirefu chenye mvuke, boila ikikoroma pembeni, na mwenye duka, aliyeitwa na wote Mama Dobi, akikaa mlangoni kupokea mabunda. Kobe alisimama kwenye meza ya mwisho. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kuungua zilizopangana kama ngazi. Pale upole wake haukuwa kichekesho. Nguo za maharusi na sare za wakubwa Mama Dobi hakumpa mtu mwingine. Hata hivyo na yeye alimwita Kobe. Hakuwa anajua kama kuna jina jingine.

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa jirani, na kila suti aliyoimaliza aliileta kwa dobi ipigwe pasi ya mwisho kabla ya mteja kuichukua. Alikuwa mjane, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa nyuzi kwenye kiungo kimoja. Siku moja aliweka koti mezani, akasema, "Samahani, jina lako hasa ni nani? Maana Kobe si jina la mtu." Mwanamke alilazimika kufikiri kidogo kabla ya kulitaja. Tangu siku ile fundi alimwita kwa jina lile, na kila alipolisikia alihisi kama anaitwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake, aliyevaa vizuri zaidi.

Walizoeana hivyo, kwa suruali na makoti. Kisha siku moja pini aliyoisahau fundi kwenye upindo ilimchoma mpiga pasi kidole. Tone la damu likatoka, dogo tu, na Kobe akalinyonya. Alipoinua macho alimkuta fundi ameshika meza kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu. Alimkalisha juu ya bunda la mashuka.

"Siwezi damu," fundi alisema baada ya kupata pumzi. "Tangu utotoni. Nikiiona naanguka."

"Wengi wako hivyo."

"Wengi hawakufanya nilichofanya mimi." Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Mke wake alifia hospitali. Siku ya mwisho alianza kukohoa damu, na yeye aliyekuwa amekaa kando ya kitanda aliinuka, akafika koridoni, akaanguka. Walipomwamsha, mkewe alikuwa amekwisha funikwa uso. "Muuguzi aliniambia aliniita. Mara mbili. Wakwe zangu mpaka leo wanadhani nilikuwa nimemshika mkono. Mama mkwe wangu hunishukuru kila tukionana. Sijawahi kumwambia mtu."

Kobe alichukua kitambaa chenye unyevu, akampa ajifute uso. "Limeishia hapa," alisema.

Na kweli liliishia pale. Alikaa nalo miezi na miezi kama mtu aliyepewa yai alibebe.

Baridi ilipokata na mvua za kwanza kunyesha, fundi alikuja kuposa. Alivaa suti aliyoishona mwenyewe, akaketi jikoni mbele ya gogo, akaeleza haja yake kwa adabu. Mzee alimsikiliza huku akimpima kwa macho, kuanzia kiatu kwenda juu, kama alivyokuwa akipima ng'ombe mnadani.

"Mwanangu huyu ukimchukua," alisema, "mimi nani atanipikia?"

"Mzee, tutakaa mtaa huu huu. Chakula chako kitaletwa."

"Na Kobe? Kitafika kesho yake." Alicheka peke yake, kisha akajipiga magotini. "Sikiliza, fundi. Mimi simjui mtu akiwa amekaa kwenye kiti. Jumapili nakwenda vilimani. Njoo. Ukirudi mzima tutazungumza."

Vile vilima vilikuwa nje ya mji, mwisho wa barabara ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Vilikuwa vitatu, vidogo, vimekaa kama mafiga, vimefunikwa msitu kuanzia miguuni hadi kichwani. Hapakuwa na njia. Mzee alijivunia hilo. "Njia ni ya ng'ombe," alipenda kusema, "na ng'ombe tunajua anakoishia." Kila mwaka, miti ilipoanza kutoa majani mapya, alichukua panga lake, akaingia msituni, akapanda vyote vitatu kwa siku moja, cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akatokea upande wa mto na kurudi nyumbani akiwa amechanika na mwenye furaha. Kobe alikuwa amekwenda naye mara nyingi, akibeba chakula, akichekwa kilima hadi kilima.

Jumapili ile fundi aliwakuta kwenye machimbo. Alikuwa amejishonea suruali ya kitambaa kigumu cha kaki, yenye mifuko yenye vifuniko, na mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi. Alimpa Kobe. Ndani mlikuwa na suruali nyingine, ya kitambaa kile kile, imeshonwa kwa kipimo chake bila yeye kupimwa. Alikwenda kuivaa nyuma ya jiwe. Ilimkaa kama ngozi yake mwenyewe.

Mzee aliwatazama wawili wale. "Mmeshonewa sare! Bendi inapiga wapi?"

Kobe aliinamisha kichwa. Fundi akatabasamu, akasema, "Mzee, ungependa, na wewe ningekushonea."

"Mimi usinishonee kitu, Sindano. Mimi nina ngozi."

Ndivyo fundi alivyopata jina.

Waliingia msituni. Mbele mzee na panga lake, nyuma yake fundi, Kobe mwisho na mfuko mgongoni. Majani mapya yalikuwa laini na yenye unyevu, yanashika uso kama mikono ya watoto. Chini, majani ya zamani yalikuwa yameoza, mguu unazama na hujui utakuta jiwe au shimo. Mimea inayotambaa ilifunga vifundo. Magogo yaliyoanguka ilibidi kuyapanda kama kuta, na mengine yalipasuka ukiyakanyaga, wadudu wakatawanyika. Mzee hakukata zaidi ya alichohitaji kupita yeye. Matawi mengine aliyasukuma kwa kifua, kisha akayaachia, nayo yakarudi kwa kishindo kumpiga aliyekuja nyuma. Tawi la kwanza ndilo lililomvua fundi miwani. Aliitafuta kwenye majani huku mzee akimngoja juu, mikono kiunoni.

"Sindano imeingia kwenye majani makavu!" alipiga kelele. "Kazi ipo!"

Fundi aliipata, akaivaa, akaendelea. Lakini kila tawi lililomfikia alilishika, akageuka, akalizuia kwa mkono mpaka Kobe apite, ndipo alipoliachia taratibu. Alifanya hivyo njia nzima ya kupanda kilima cha kwanza, na mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepigwa usoni na matawi ya baba yake alipita chini ya mikono ile akiona aibu, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa jengo asilostahili kuingia.

Kileleni hapakuwa na kitu cha kuona. Ndivyo vilivyokuwa vilima vile: unapanda kwa jasho, ukifika juu unakuta miti ile ile, na mbingu vipande vipande. Mzee alizunguka mpaka akapata mti uliosimama juu kuliko yote, akaupiga kofi kwenye shina kama alivyokuwa akipiga paja la ng'ombe aliyening'inia. "Moja," alisema. Hakuwapa nafasi ya kukaa.

Ilikuwa wakati wa kuteremka ndipo Kobe alipogundua kitu. Baba yake hakuwa amemtania tangu machimboni. Mzaha wote ulikuwa unakwenda kwa fundi: anavyoshika matawi kama anashona, anavyoomba radhi mti akiugonga, anavyohema kama cherehani isiyotiwa mafuta. Hilo la cherehani lilimtoa Kobe kicheko kidogo, puani tu. Baba aligeuka. Alimtazama bintiye, akamkonyeza.

Hakuwahi kumkonyeza. Alikuwa akiwakonyeza wateja. Alikuwa akiwakonyeza wanawe wa kiume, mezani, kabla ya kumrushia Kobe neno. Kobe alihisi joto likimpanda shingoni. Ilikuwa kama mtu aliyesimama nje ya nyumba wakati wa mvua maisha yake yote, kisha mlango ukafunguliwa, na ndani kuna moto na viti.

Kati ya kilima cha kwanza na cha pili palikuwa na bonde lenye kinamasi. Mzee aliruka kutoka shina hadi shina. Fundi alikanyaga palipoonekana pakavu, akazama hadi magotini. Alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akijua aliye nyuma yake ni nani. Kobe aliuona ule mkono. Aliona pia baba yake ng'ambo, anangoja, uso umekwisha kujiandaa. Akasita. Alisita kidogo tu, muda wa mtu kupenga kamasi, kisha akaushika. Lakini fundi alikuwa amekwisha jitoa mwenyewe.

"Leo Sindano imepata uzi wa tope," mzee alisema, na Kobe akacheka kwa sauti.

Kilima cha pili kilikuwa na mwinuko mkali karibu na kilele. Walipanda kwa mikono na miguu. Fundi, mwenye viatu vizito kwa matope, aliteleza, akakamata alichokiona, na alichokiona kilikuwa mmea wenye miiba. Hakuuachia, kwa maana angeporomoka juu ya Kobe. Aliushikilia mpaka akapata pa kuweka mguu. Alipofika juu alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye gogo, akawapa mgongo, mkono wa kushoto ameuinua juu bila kuutazama. Damu ilikuwa inateremka kwenye kiganja na kuingia kwenye mkono wa shati.

Mzee alikuwa ameshaupiga kofi mti wake. Alimwona. "Ana nini huyu?"

Akasogea, akaiona damu.

"Ni mwiba tu, bwana! Nimekatwa na visu vikubwa kuliko wewe." Alizunguka mbele ya fundi, akaukuta uso ule wa kijivu na macho yaliyofumbwa. "Ala! Kobe, njoo uone! Mwanaume anakufa kwa mwiba!"

Fundi alifumbua macho, akamtafuta Kobe. Hakumwomba kitu kikubwa. Alitaka kitambaa kifungwe kwenye mkono ule bila yeye kuutazama, na neno lolote, hata la uongo, kwamba ni njaa, ni jua, ni uchovu. Kitambaa kilikuwa kwenye mfuko wa suruali mpya. Kobe alikuwa tayari amekigusa.

Lakini baba alikuwa anamtazama. Alikuwa na uso ule wa nyuma ya kaunta, kidevu juu, mdomo umefunguka kidogo, akingoja mtu amalizie utani. Na safari hii aliyengojwa alikuwa yeye.

"Huyo usimwoneshe damu, Baba," Kobe alisema. "Mkewe alikuwa anakata roho, yeye kalala chali koridoni. Wauguzi hawakujua waanze kumfunika yupi."

Maneno yalitoka yamekwisha nolewa. Hakujua yametoka wapi, hakuwahi kuyafikiria. Yalikuwa na mwendo wa baba yake kabisa, na pumziko lile lile kabla ya kuchoma.

Mzee alibaki kinywa wazi. Kisha akapasuka. Alicheka mpaka akashika mti, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akipiga ardhi kwa kiganja. "Yupi!" alirudia. "Wamfunike yupi! Uwii, nakufa!" Na Kobe alicheka pamoja naye. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, machozi yakamtoka, kicheko cha miaka arobaini, na kilikuwa kitamu. Hilo hakujifichia baadaye. Kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja.

Waliponyamaza, fundi alikuwa ametoa kitambaa chake mwenyewe. Alikuwa anaufunga mkono ule kwa meno na mkono mmoja, na safari hii alikuwa anautazama. Jasho lilimdondoka puani. Hakuanguka.

"Kilima kimoja kimebaki," alisema. Ilibidi aseme hivyo. Peke yake asingeweza kutoka msituni mle.

Walikula mayai na mkate. Mzee alimpa bintiye chumvi kwanza. Fundi hakula.

Kuelekea kilima cha tatu mpangilio ulibadilika. Fundi alikaa mwisho. Kobe sasa alikuwa katikati, nyuma ya baba yake, na matawi yakaanza tena kumpiga yeye. La kwanza lilimchapa shavuni. La pili alilikamata. Alisimama, akalishika mbali na njia kama alivyoshikiwa yeye asubuhi, akamngoja fundi apite. Fundi alifika. Alilitazama lile tawi, akatazama mkono ulioshika. Kisha akageuka pembeni, akapita kwenye miiba.

Kobe alisimama na tawi lake mkononi. "Nilikuwa natania," alisema.

Fundi alikuwa amekwisha tangulia hatua kadhaa. Alimsubiri apite mbele, ili yeye arudi mwisho.

Walipiga kofi mti wa tatu, wakateremka upande wa mto, wakatokea barabarani jua likiwa bado lina nguvu. Hapo fundi alimsogelea mzee, akampa mkono ule mzima. "Asante kwa matembezi, mzee." Mzee, aliyekuwa na furaha tele, alimgonga bega na kumwambia aende akanywe supu. Kisha fundi akamgeukia Kobe. Hakumwita jina lolote.

"Nilikuambia wewe," alisema.

Basi. Akaenda zake, anachechemea kidogo, matope yamekauka kwenye kaki.

Nyumbani mzee hakukubali bintiye aingie jikoni kupika. Alikata mkate mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti chake yeye, kile chenye mgongo. "Kumbe una ulimi!" alikuwa anasema kila baada ya tonge. "Miaka yote nilidhani umemfuata mama yako. Leo ndiyo nimejua nimezaa." Hakumwita Kobe hata mara moja. Alimwita mwanangu. Na mwanamke alikula, akajibu, akarudia kile alichosema kilimani kwa sababu baba alitaka kukisikia tena, na safari ya pili alikisema vizuri zaidi.

Kumwaga mtama penye kuku wengi hakuhitaji siku mbili. Kesho yake mzee alikaa kibarazani mwa bucha lililofungwa, na kila aliyepita alisimamishwa. Kabla wiki haijaisha, vijana wa stendi walikuwa wakipita mbele ya duka la fundi wakijitupa chini na kunyoosha miguu. Mteja mmoja alipochukua koti lake aliuliza kama kuna mtu wa kumshika fundi iwapo atajichoma. Fundi alijibu kwa upole kwamba cherehani yake ipo, itamshika.

Kisha akaja mama mkwe wake wa zamani. Mama Dobi aliyaona kwa macho yake kutoka mlangoni, na ndiye aliyemsimulia Kobe, pasi ikiwa mkononi. Mama yule mzee aliingia, hakusalimia. Alivuta stuli, akapanda kwa shida, akaiteremsha ukutani picha ya mwanawe iliyokuwa juu ya cherehani, akaifunga kwenye kanga yake, akatoka. Fundi alisimama muda wote ule amemshikia stuli isiyumbe.

Kobe aliacha pasi juu ya shati. Harufu ndiyo iliyomwamsha. Ilikuwa mara ya kwanza kuunguza nguo ya mtu.

Alikwenda kwa fundi saa ya chakula. Ukutani palikuwa na mraba mweupe. Fundi alikuwa anafungua mishono ya koti la zamani, kwa wembe, polepole. Hakuacha kazi, lakini alimsogezea kiti.

"Sijui nilipatwa na nini," Kobe alisema.

"Unajua," fundi alijibu.

Kobe akasema ndiyo, anajua. Akamweleza yote: kukonyezwa, ule moto na viti, jinsi alivyojiona ameingia ndani. Hakuwahi kumweleza mtu habari ndefu hivyo. Fundi alisikiliza hadi mwisho, nyuzi zikimwangukia magotini.

"Nimekusamehe," alisema. "Nilikusamehe siku ile ile kabla hatujafika barabarani, maana nilimwona baba yako. Mtoto aliyelelewa pale, nitamdai nini?" Alipuliza nyuzi. "Lakini kukuoa siwezi. Nitalala vipi na mtu ninayemwogopa?"

"Mimi? Mimi wa kuogopwa?"

"Wewe. Baba yako angenichoma popote tu. Wewe ulijua mahali."

Kobe aliinuka. Mlangoni fundi alimwita, kwa jina lile la kuzaliwa, na moyo wake ukaruka; kumbe alitaka kumwambia suruali ya kaki imefumuka kwenye goti, alete siku yoyote airudishie. Hakuileta. Na suti za fundi zikaanza kupelekwa kwa dobi wa soko la chini.

Kiti chenye mgongo alikikalia muda usiozidi mwezi. Utani wa koridoni ulichakaa. Watu wa mtaa wote walikuwa wameshausikia, na wengine walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mzee akatafuta mwingine, na hakwenda mbali. Siku kaka dereva alipopita na lori lake kusalimia, mzee alimkaribisha kwenye gogo, akampa supu, akasema: "Dada yako huyu alikuwa anaolewa. Sindano kamkimbia! Hebu fikiri, mwanaume asiyeweza kutazama damu, kaweza kutazama mazishi ya mkewe, kaweza kutazama kila kitu. Kamtazama Kobe, akazimia jumla!" Akamkonyeza mwanawe. Kaka, aliyekuwa na njaa na haraka, akacheka na supu mdomoni.

Kobe alimaliza kula. Alikula kama kawaida yake. Kisha akaosha vyombo, akatundika sufuria kwenye kulabu, na kesho yake akamuuliza Mama Dobi kama kile chumba cha nyuma ya duka la vipuri kimeshapata mpangaji.

Siku ya kuhama mzee alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Anza leo, Kobe," alisema, "labda utafika mwakani." Alitazama kushoto na kulia kutafuta wa kucheka naye. Hapakuwa na mtu. Akarudi ndani, akabamiza mlango. Baadaye akaufungua tena, akauliza chumvi huwa inakaa wapi.

Kaka alipiga simu. "Unamwachaje mzee peke yake, dada?"

"Njoo umchukue."

Kaka akasema mtandao unakatika.

Hakumtupa moja kwa moja. Kila Jumamosi alikwenda kumfulia na kumpikia sufuria mbili za kupasha moto. Mzee alimtania tangu aingie hadi atoke, na yeye alifua. Mtaani, hata hivyo, maneno yalikuwa mengi. Binti wa pekee, hana mume wala mtoto, anamwacha baba yake na umri ule, anakwenda kukaa peke yake nyuma ya duka la vipuri! Wale wale waliojitupa chini mbele ya cherehani ndio waliotikisa vichwa.

Mama Dobi alimsaidia kubeba kitanda. Walikiweka chini mbele ya mlango wa chumba kipya wapumue.

"Watu wanasema una roho mbaya," Mama Dobi alisema.

"Nimewasikia."

"Na wewe huwajibu?"

"Niwajibu nini? Wamesema kweli. Wamechelewa tu."

Mama Dobi hakuelewa, na hakuuliza. Walijaribu kukiingiza kitanda kwa ubavu, kikagoma. Wakajaribu kwa kichwa, kikagoma. Ikabidi Kobe aende kwenye duka la vipuri kuazima spana, apige magoti sakafuni, afungue miguu yote minne mmoja mmoja.